Mshale wa RPM Unacheza na Mguu Umetulia: Tafuta Ugonjwa wa Pikapu Kabla ya Kununua Spea

Umetoka Nairobi alfajiri, umeshapita Juja, barabara ni nyeupe. Gia ya tano, kilomita 80 kwa saa, mguu umetulia juu ya kanyagio. Mara mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unapanda kutoka 2,000 hadi 2,200, unashuka hadi 1,900, kisha unapanda tena. Injini haizimi wala taa yake haiwaki. Unafika Thika, unashusha mzigo, lakini roho haijatulia, kwa sababu pikapu hiyo ndiyo inayolipa karo na kodi ya nyumba.

Mimi ni fundi hapa Nairobi, na malalamiko haya nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kinachoniumiza ni namna watu wanavyouziwa spea kwa kubahatisha. Mzee mmoja aliniletea dabo kabini ya otomatiki ambayo gereji nyingine ilikuwa imeibadilishia pampu ya mafuta na sensa mbili, na mshale bado ulikuwa unacheza. Tuliposhuka naye barabarani, kosa lilionekana kwa dakika ishirini: swichi ya taa za breki, kitu kinachoshikwa kwa vidole viwili. Mzee alikuwa amekopa pesa za pampu ile. Tangu siku hiyo sifungui boneti ya gari lenye shida hii kabla sijaliendesha.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari na wa fundi pia. Unahusu manuali na otomatiki, dizeli na petroli, na mfuatano wake una maana. Ukiruka hatua ya kwanza ukaenda moja kwa moja kwenye nozeli, utakuwa unabahatisha kama wale wengine.

Utakachohitaji

Mtu wa pili, daftari na simu yenye GPS. Kama pikapu ina tundu la OBD, la kuunganisha kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, lenye pini 16 chini ya usukani, tafuta kisomaji cha Bluetooth. Vile vya bei nafuu havisomi kila kitu, hasa shinikizo la reli (bomba la mafuta yenye shinikizo kubwa) kwenye dizeli, kwa hiyo huenda baadaye ukamlipa mwenye skana kamili. Ongeza multimita, chupa safi ya kioo na kipande cha mpira angavu wa mafuta. Dereva anaendesha tu, na yule wa pili ndiye anayesoma namba na kuandika. Usijaribu kufanya yote mawili peke yako.

Hatua ya 1: Hesabu ya gia

Kwenye manuali, klachi ikiwa imeshika sawasawa, injini, giaboksi, shafti, difu na magurudumu ni mnyororo mmoja. Pingili moja haiwezi kukimbia ikaziacha nyingine. Basi fanya hesabu hii: ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, gawanya RPM kwa kilomita kwa saa. Mizunguko 2,000 kwa kilomita 80 ni 25, yaani katika gia hiyo kila kilomita moja ya mwendo inadai mizunguko 25. Mshale ukipanda kwa 300, gari nalo linapaswa kuongeza kilomita 12 kwa saa. Mwendo wa namna hiyo ungeusikia mgongoni, na abiria angeuliza kuna nini.

Kwa hiyo mwambie mwenzako aangalie mwendo kwenye GPS ya simu, kwa kuwa mshale wa mwendo kwenye dashibodi huchelewa. Wewe sikiliza mlio wa injini na kile unachohisi kwenye kiti. Majibu ni matatu.

Gari likisukuma na kulegea pamoja na mshale, injini yenyewe ndiyo inayovuta na kuachia. Shida iko kwenye mafuta, hewa au umeme.

Mlio ukipanda na mshale ukapanda, lakini mwendo ukabaki palepale, kuna kitu kinachoteleza kati ya injini na magurudumu. Kwenye manuali ni klachi. Kwenye otomatiki ni konvata, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, au giaboksi inayobadilisha gia bila sababu.

Mshale ukicheza lakini mlio haubadiliki na mwendo haubadiliki, basi ni mshale unaodanganya, na injini yako haina hatia.

Chagua barabara kwa makini. Southern Bypass inaonekana nzuri, lakini ukielekea Kikuyu unapanda karibu njia nzima, na otomatiki yenye afya kabisa itafungua kufuli la ndani ya konvata au kurudi gia moja pale. Barabara ya kwenda Limuru pia si ya jaribio hili. Mimi napenda kipande cha Juja hadi Thika Jumapili asubuhi, kwenda na kurudi, ili upepo na miinuko midogo isinidanganye. Injini iwe imepata moto vizuri, yaani umeendesha angalau dakika ishirini.

Andika yote: gia, mwendo, RPM ya juu, RPM ya chini, na sekunde kati ya kupanda na kupanda. Kucheza kwa kila nusu sekunde si ugonjwa mmoja na kucheza kwa kila sekunde kumi.

Hatua ya 2: Ondoa vishawishi vya bure

Zima AC. Kompresa ikishika na kuachia, mzigo wa injini hupanda na kushuka kila baada ya muda, na kwenye injini ndogo utauona kwenye mshale. Toa kapeti iliyorundikana chini ya kanyagio. Tembea na mzigo wa kawaida, usibebe tani nzima.

Kisha jiulize: gari lilioshwa injini lini? Hapa mjini kuosha injini kwa maji ya presha ni jambo la kila wiki, na maji huingia kwenye soketi za sensa yakakaa humo. Kama ugonjwa ulianza siku moja au mbili baada ya kuoshwa, anza kwa kuchomoa soketi, kuzikausha na kukagua pini zenye kutu ya kijani. Nimewahi kumaliza kazi nzima kwa namna hiyo, bila kubadilisha kitu.

Ikiwa ni mshale tu

Hili ni fupi. Kwenye baadhi ya pikapu za dizeli za zamani, kipima mizunguko hupata ishara yake kutoka kwa alternata. Mkanda ukilegea au alternata ikichoka, mshale hucheza huku injini imetulia. Kaza mkanda, kisha pima volti kwenye betri injini ikiwa inanguruma: inapaswa kuwa karibu 13.8 hadi 14.5. Kwenye magari mapya zaidi, linganisha RPM ya dashibodi na ile ya kisomaji. Zikitofautiana, kagua dashibodi na waya wa ethi. Lakini mshale ukianguka ghafla hadi sifuri na injini nayo ikakata kwa nukta moja, hiyo ni sensa ya krenki au waya wake, na usiendelee na safari ndefu kabla ya kuishughulikia.

Ikiwa kuna kuteleza: manuali

Jaribio la klachi ni rahisi. Ukiwa gia ya nne, kilomita 60, mahali penye mwinuko mdogo, kanyaga mafuta hadi chini. RPM ikiruka na mwendo ukafuata polepole, klachi imekwisha au imelowa oili. Mara nyingi utasikia harufu ya kuungua. Lakini klachi iliyochoka huteleza zaidi ukiongeza nguvu. Ni nadra icheze juu na chini kwenye mwendo wa pole. Kama jaribio hili halionyeshi kitu, rudi uhakiki hesabu yako ya gia, huenda hukusoma GPS vizuri.

Ikiwa kuna kuteleza: otomatiki

Hapa pana mengi, na ndipo watu wengi wanapopotezwa.

Ndani ya konvata kuna klachi ndogo. Ukiwa kwenye mwendo wa utulivu, kompyuta huifunga ili injini na giaboksi zizunguke pamoja na mafuta yasipotee bure. Ikifungwa, RPM hushuka kidogo. Ikifunguliwa, hupanda, mara nyingi kwa 200 hadi 400, bila mwendo kubadilika. Ukiona namba kama hizo, na mlio unabadilika kana kwamba gari limebadilisha gia nusu, karibu hakika ni kufuli hili linalofungwa na kufunguliwa.

Lithibitishe hivi. Hakikisha nyuma yako hakuna gari. Ukiwa kilomita 80, shikilia mafuta palepale, kisha gusa breki kwa mguu wa kushoto, kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za breki bila kupunguza mwendo. Kompyuta itafungua konvata. RPM itapanda na kukaa juu. Kama kule kucheza kunatoweka wakati huo, na kurudi ukiachia breki, umeupata mlango wa ugonjwa. Fanya hivyo kwa sekunde chache tu, breki zisipate moto.

Sasa uliza kwa nini kufuli halitulii. Mimi hufuata mpangilio huu.

Swichi ya breki kwanza. Ikiwa imelegea, mtikisiko wa barabara huiambia kompyuta kwamba unafunga breki, nayo inafungua konvata. Usiku, egesha gari nyuma ikiangalia ukuta, mwache mtu aguse kanyagio kwa ncha ya kidole na kulitikisa. Taa zikipepesa bila kanyagio kushuka, rekebisha au badilisha swichi. Wenye kidhibiti mwendo wataona pia kwamba kinajizima chenyewe.

Pili, joto la injini. Kompyuta nyingi hazifungi konvata injini ikiwa baridi. Hapa Nairobi kuna tabia mbaya ya kung'oa thamostati gari likipata moto, eti maji yapite vizuri. Gari lisilo na thamostati hupoa kupita kiasi barabara kuu, hasa asubuhi ya Julai, na joto likipandashuka kwenye mpaka ule kompyuta inafunga na kufungua bila kutulia. Soma joto la maji kwenye kisomaji. Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 78 na 88 za Selsiasi. Ukiona gari linakaa nyuzi 60 kwenye mwendo wa kilomita 80, fungua uangalie kama kifaa hicho kipo. Mara nyingi utakuta nafasi tupu. Mwenye gari huwa hajui, maana iliondolewa na mtu aliyelimiliki kabla yake.

Tatu, oili ya giaboksi. Iangalie kwa utaratibu wa gari lako, kwa sababu pikapu nyingi za sasa hazina dipstiki na oili hupimwa kwa plagi ya chini, gari likiwa sawa kwa pande zote na oili ikiwa kwenye joto maalumu. Nyekundu angavu ni njema. Iliyokoza kuwa kahawia yenye harufu ya kuungua inasimulia habari ya klachi zilizoumia. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kuchanganya aina za oili kwenye giaboksi kunaweza kuleta ule mtetemo wa haraka, kama unapita juu ya matuta madogo yaliyopangwa, RPM ikitikisika kwa 50 au 100 tu. Mtetemo huo ni klachi ya konvata kushika na kuteleza, na kubadilisha oili mapema huweza kuuponya. Ukiuachia, utalipia konvata nzima.

Nne, sensa ya kanyagio, nitakayoieleza hapo chini. Kompyuta ikidhani mguu wako unapanda na kushuka, hufungua konvata kwa uaminifu kabisa.

Ikiwa injini yenyewe inavuta na kuachia

Kabla ya kutenganisha dizeli na petroli, pima kanyagio la mafuta. Kwenye gari la kisasa mguu wako hauvuti waya. Unazungusha sensa yenye njia mbili za ishara, na kompyuta inaamua. Sensa za mtindo wa zamani zina kipande kinachosuguana, na sehemu inayolika zaidi ni ile ambapo mguu hukaa kila siku, yaani mahali pa mwendo wa kilomita 80. Ndiyo maana gari linaweza kuwa zuri likisimama, zuri likipanda Limuru, na baya kwenye tambarare peke yake.

Washa swichi bila kuwasha injini. Kanyaga polepole sana huku ukihesabu hadi kumi, mwenzako akiangalia grafu ya asilimia kwenye kisomaji, au multimita kwenye waya wa ishara. Mstari unapaswa kupanda laini kama mteremko wa paa. Ukiona jino, au ukitulia mguu lakini namba inaendelea kuchezacheza, umempata.

Dizeli: fuata mafuta kutoka tangini

Pikapu nyingi za dizeli zinazotumika hapa, kama Hilux D-4D, D-Max na Navara, zina mfumo wa reli: pampu moja inajaza bomba la shinikizo kubwa, na nozeli zinafunguliwa kwa umeme. Kumbuka neno moja la usalama. Ndani ya bomba hilo kuna shinikizo linaloweza kuvuka megapaskali 100. Mchirizi wake unapenya ngozi kama sindano, na jeraha dogo lisiloonekana linaweza kumfanya mtu apoteze kidole. Usilegeze nati ya nozeli injini ikinguruma, wala usipapase mahali panapovuja kwa mkono. Njia ya zamani ya kulegeza paipu moja moja ilikuwa ya injini za zamani kama 2L na 3L za Toyota. Usiitumie kwenye reli.

Skana ikiwepo, anza na grafu mbili kwa pamoja: shinikizo la reli ambalo kompyuta inataka, na lile lililopo. Hapa ndipo ninapopata jibu haraka kuliko mahali pengine popote. Kama linalotakiwa limetulia na lililopo linapanda na kushuka kama mawimbi, mafuta hayafiki sawasawa au vali ya pampu imeshikana. Kama linalotakiwa lenyewe linacheza, kompyuta inadanganywa na kanyagio, sensa ya hewa au sensa nyingine, na hata ukinunua pampu mpya mawimbi yatabaki. Kama yote mawili yametulia na RPM bado inacheza, rudi kwenye konvata.

Tuseme lililopo ndilo linalocheza. Fuata mafuta.

Fungua bomba dogo la chini ya chujio, mwaga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, uiache dakika kumi na tano. Maji hukaa chini, dizeli juu, na uchafu unauona. Mafuta ya taa yaliyochanganywa huwezi kuyaona kwa macho, na madhara yake ni kwamba pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, ilhali mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchanganyaji ulikuwa umezidi hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei zikaribiane na faida ya kuchanganya ipungue. Hata hivyo dizeli ya mtungi kando ya barabara bado inauzwa. Usiiweke kwenye injini ya reli, hata kama umebaki na matone.

Badilisha chujio ikiwa hujui lilibadilishwa lini, na ununue mahali unapoweza kurudisha. Chujio bandia lina karatasi chache ndani. Ukilifungua ukalilinganisha na halisi, tofauti unaiona.

Kisha tafuta hewa. Jambo ambalo mafundi wengi vijana hawafundishwi ni hili: kwenye mifumo mingi ya namna hii pampu inanyonya mafuta kutoka tangini, kwa hiyo mpira wenye ufa hautoi tone nje. Unaingiza hewa. Utaangalia chini ya gari, utaona pakavu, utasema hakuna tatizo. Funga kipande cha mpira angavu kati ya chujio na pampu, kwa klipu nzuri, uwashe injini uipandishe hadi 2,500. Kiputo kimoja kimoja mwanzoni si neno. Viputo visivyokoma ni neno. Wahalifu wa kawaida ni oringi ya pampu ya mkono juu ya chujio, klipu zilizolegea, na paipu za chuma zilizoliwa na kutu juu ya chesi mahali matope hukaa. Dalili nyingine: gari likilala usiku, asubuhi pampu ya mkono inakuwa laini na unaifinya mara nyingi kabla haijawa ngumu.

Halafu kuna ugonjwa wenye saa yake. Gari linatoka vizuri, baada ya nusu saa linaanza kuvuta na kuachia, unaegesha, unakunywa chai, unawasha na limepona. Nusu saa baadaye ni yaleyale. Huo ni uchafu ndani ya tangi unaovutwa hadi kwenye kichungi cha mdomo wa paipu, kisha unaanguka injini ikizimwa. Legeza kwanza kifuniko cha tangi uendeshe tena. Ukipona, tundu la kupumulia limeziba. Usipopona, tangi litolewe lioshwe. Tulitoa tangi moja lililokuwa na kipande cha karatasi ya nailoni, labda kilichoingia na mafuta ya mtungi.

Ukitaka uhakika kabla ya kushusha tangi, chukua dizeli safi kwenye mtungi, uunganishe mpira unaoingia kwenye chujio na ule wa kurudisha mafuta, uendeshe injini kwa 2,000 gari likiwa limesimama, kwa muda uleule unaochukua kuugua. Ikitulia, kosa liko nyuma ya chujio, upande wa tangi. Ikiendelea, liko kwenye chujio au mbele yake, upande wa pampu. Jaribio hili ni la dizeli tu. Usilifanye kamwe kwa petroli.

Mbele ya chujio, mtuhumiwa mkuu ni vali inayopima mafuta yanayoingia pampuni, ambayo kwenye pampu za Denso huitwa SCV. Ikishikana kwa maji au uchafu, shinikizo hupita lengo, kompyuta inalipunguza, linashuka kupita kiasi, inaongeza tena. Mshale unacheza kwa mpigo unaolingana, na mara nyingi injini inahema hata gari likisimama kwenye taa za barabarani. Kagua soketi yake na waya kwanza. Kuisafisha kunaleta nafuu ya wiki kadhaa tu, kwa hiyo mimi huibadilisha. Osha pampu kwa nje kabla ya kuifungua, maana chembe moja ya mchanga ikiingia humo umeharibu kitu kikubwa zaidi. Weka oringi mpya, kaza kwa kipimo cha kitabu, na kwenye magari yanayohitaji, kama D-Max nyingi, pampu ifundishwe upya kwa skana. Fundi akisema hatua hiyo si lazima, mwombe akuonyeshe mahali kitabu cha gari lako kinaposema hivyo.

Nozeli ni za mwisho. Zipime kwa mafuta yanayorudi: chupa nne zilizo sawa, mpira mmoja kwa kila nozeli, dakika kadhaa. Moja ikirudisha mara mbili ya zingine, hiyo ndiyo. Hakuna sababu ya kununua nne kwa ajili ya moja.

Upande wa hewa, vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, ndiyo ya kuangaliwa, kwa kuwa kazi yake huongezeka kwenye mwendo wa utulivu na mzigo mdogo. Kama ni ya vakyumu, chomoa mpira wake, uzibe, uendeshe kipande kilekile. Gari likitulia, itoe uisafishe masizi. Sishauri kuiziba moja kwa moja, kwa sababu moshi huo unavutwa na watoto wetu. Angalia pia mipira mikubwa ya turbo: alama ya oili kwenye klipu ni mahali hewa inapotoroka.

Namba za Nairobi si za kitabuni

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Ukiwasha swichi bila injini, sensa ya shinikizo la hewa itasoma karibu kilopaskali 82 hadi 84. Mombasa sensa hiyohiyo itasoma karibu 101. Nimeona sensa nzima zikitupwa kwa sababu kitabu kimeandika 100. Kabla ya kuihukumu, linganisha na gari lingine lililoegeshwa hapohapo.

Petroli

Kwa petroli jibu liko kwenye namba za marekebisho ya mafuta, ile ya muda mfupi na ile ya muda mrefu. Zijumlishe. Jumla ikizidi asilimia 10 juu ya sifuri, injini inakosa mafuta au inapata hewa isiyohesabiwa. Ikiwa iko juu injini inaponguruma polepole gari likiwa limesimama, na inashuka ukifika 2,500, tafuta ufa kwenye mipira ya hewa na gasketi ya manifoldi. Nyunyiza maji yenye sabuni, usitumie dawa inayowaka karibu na ekzosi. Ikiwa inapanda kadiri unavyoongeza mzigo, ni pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, au sensa ya hewa iliyochafuka. Sensa hiyo isafishwe kwa dawa yake peke yake, bila kuguswa. Wanaoipuliza kwa kompresa wanakata waya mwembamba kuliko unywele. Plagi na koili zikichoka, gari humisi kwa mshtuko mkali zaidi, hasa ukiongeza nguvu, na mara nyingi kompyuta huandika silinda yenyewe.

Kuthibitisha

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kisha rudi kwenye kipande kilekile cha barabara, gia ileile, mwendo uleule, AC imezimwa, injini imepata moto, na uandike namba mpya chini ya zile za kwanza. Mshale uliokuwa unacheza kwa 300 sasa unacheza kwa kiasi gani? Ukibaki na 50 kwenye tambarare bila upepo, rekodi mlio kwa simu na usikilize nyumbani. Ugonjwa ukirejea baada ya wiki, uliondoa dalili.

Ukiamua kumpelekea fundi mwingine, mpe karatasi hiyo kabla ya ufunguo. Mwambie: "Fundi, ni gia ya tano, kilomita 80, inapanda kwa 200 kila sekunde sita, mwendo haubadiliki, na nikigusa breki inatulia." Fundi wa kweli atavuta kiti aisome. Akienda moja kwa moja kukuandikia bei ya pampu, chukua karatasi yako uondoke.